Anwani Niliyotaka Ichomelewe

Mpendwa mshauri, pokea salamu za mzee asiyezoea kuomba msaada, naandika kwa mkono wangu ijapokuwa shule niliiona kwa mbali, maana kwenye kuchomelea vyuma hakuna wa kunifikia, waulize watu, gari likigonga geti langu ni gari ndilo linaloenda gereji, na sasa nina kiwanda kidogo cha kujaza mitungi ya oksijeni, zahanati zinaagiza kwa programu aliyoitengeneza binti yangu, kitinda mimba, iko kwenye kompyuta ya kila zahanati na inatuma maombi kwenye kompyuta yetu ya kiwandani. Alipoitengeneza alitaka anwani ya kompyuta yetu ikae pembeni, kwenye mipangilio, programu iisome kila inapotaka kutuma, nikakataa, nikamwambia kitu kinachokaa pembeni kinaibiwa, ichomelewe humo humo ndani, akatii. Mwezi uliopita tukahamia jengo jipya, kompyuta ikapewa anwani nyingine mtandaoni, zile programu zikaendelea kutuma kulekule kwa zamani kusiko na mtu, zahanati moja ikaishiwa mitungi, mtoto mchanga akakimbizwa hospitali ya mbali, akapona, kwa hiyo sioni kelele ni za nini. Sasa binti anazunguka zahanati moja moja kubadilisha programu nzima kwa ajili ya mstari mmoja, na jana mezani akaniambia, "Baba, safari hii anwani inakaa nje, la sivyo naacha kazi." Mama yake akacheka, eti nimezaa mbishi mwenzangu. Naomba umwandikie kwamba baba hapangiwi.

Fundi Mkuu

Mzee wangu, shikamoo.

Binti simwandikii, nakuandikia wewe. Ufundi wako sibishani nao, ila geti likishasimikwa linabaki pale pale. Kompyuta yako imehama, na siku moja itahama tena. Halafu unasema mtoto alipona kana kwamba ulimtibu wewe. Alipona kwa sababu gari lilipatikana. Lisingepatikana, ungeniandikia nini?

Hofu yako ya wizi ina maana, hapo nakuunga mkono. Mtu mbaya akiigusa anwani, maombi yataishia kwake. Basi itieni kufuli: ikae kwenye mipangilio, aibadilishe binti peke yake kwa nywila, na programu isipojibiwa imwambie muuguzi palepale kwamba ombi halijafika, asikae akisubiri mtungi usiokuja. Mpaka zahanati ya mwisho ibadilishiwe, kila ombi lithibitishwe kwa simu, na simu hiyo upokee wewe, kwa kuwa kukataa kwako ndiko kunakowasumbua.

Kuhusu kuacha kazi, amini kwamba ataacha. Mama yake ameshasema amekurithi ubishi.

Kesho asubuhi, kabla hajatoka, mwambie mbele ya mama yake: "Iweke nje." Usiongeze hotuba. Kisha panda naye gari mwende kwanza kwenye zahanati ya yule mtoto, na mtungi uubebe wewe.