Kichwa cha Guka Kimekuwa Kipya

Wahu uko? Weka hiyo sufuria chini usome.

Unajua leo guka Wanyoike, babu yetu, alikuwa anaenda kliniki hapa Eldoret, ile ya kufuatilia kichwa. Alianguka kutoka kwa lori mwaka wa sabini na moja, wakienda Moiben kugawiwa mashamba kwa kura na kampuni yao ya kununua ardhi.

Sasa karani wa kuandika code za ugonjwa akakosea herufi moja tu. Kompyuta ikasema jeraha ni jipya. JIPYA, Wahu!

Manesi wakamlaza kwa machela, wakamfunga kola ngumu ya kukinga shingo, wakaita polisi. Guka anawaambia, "Nimekujia dawa tu." Wanamjibu, "Tulia mzee, umegonga kichwa."

Polisi akafika. "Mzee, nani alikuumiza?"

Guka akamshika polisi mkono. Miaka hii yote hakuna mtu alikuwa amemuuliza hivyo!

"Andika," akasema. "Dereva wa mwenyekiti wa kampuni aliondoa lori nikiwa bado napanda. Nikiwa nimelazwa hospitali, mwenyekiti akajipatia shamba langu."

Polisi akaandika kwa bidii, akauliza mwenyekiti ni nani. Guka akataja jina.

Kalamu ikasimama. Ni ile familia, Wahu, wale wakubwa ambao mji mzima unawaogopa.

Polisi akamgeukia karani polepole. "Hebu badilisha hiyo code. Hii maneno ni ya zamani."

Guka akainuka na kola yake shingoni.

"Nani amesema ni ya zamani? Bado inauma."