Sindano ya Mama Kwenye Kabureta

Mdogo wangu,

Usiwashe jiko. Beseni la petroli uliloficha chini ya sinki nimelitoa, lakini harufu bado imejaa. Fungua madirisha. Chakula kiko kwenye hotpoti.

Nimekwenda kumchukua Mama kliniki ya macho. Asubuhi alikaa nusu saa ndani ya gari la Baba, amevaa vizuri, wewe unapiga stata na kumweleza kwamba magari ya michezo ya zamani yana madaha. Likakohoa, likazimika getini, nawe ukaingia mitini. Teksi niliita mimi, nikampeleka.

Madaha gani? Petroli imelala kwenye tangi miezi saba, tangu tumzike Baba, hadi ikaanza kuwa gundi, na wewe ukamwagia mpya juu yake. Kisha ukazibua kabureta kwa sindano ya Mama ya kushonea. Kile kitundu chake cha kupitishia petroli ni cha shaba laini. Umekipanua, sasa injini inabugia petroli kuliko inavyoweza kuchoma. Baba alikuwa anakipuliza kwa mdomo tu. Ungejua, kama ungewahi hata siku moja kumshikia tochi.

~~Nikirudi tutalifungua pamoja.~~ Usiguse kitu. Vipande vya kabureta nimevipanga kwenye trei ya mayai, kimoja kimoja nilivyovifungua, kama Baba. Wewe ulivitia vyote kikombeni.

Ukitaka sana kusaidia, lioshe gari. Nje tu.

Ufunguo wa gari usiutafute. Mama aliutia mkononi mwangu ndani ya teksi.

Dada yako