Neno Refu Lenye Q

Jumamosi

Nawakaririsha watoto wa shule maneno marefu ya Kiingereza yenye herufi Q, kumbe moja lilikuwa linanisubiri Sekenke, kule kwenye mgodi wa dhahabu.

Ng'ombe wa mahari ya mwanangu wamezuiwa njiani. Mzungu mmoja, mkaguzi wa mifugo, kasema “quarantine”, akaniamuru nimfasirie mkwe wangu, baba wa binti, aliyekuja kuwapokea. Nikafasiri: kuna ugonjwa, ng'ombe hawapiti mpaka bwana aruhusu.

Ugonjwa gani! Wamenona, wanacheua. Na ng'ombe wa Mzungu mwenye mgodi wamepita tunawaona!

Mkwe hakumtazama Mzungu. Alinitazama mimi, maana maneno yalitoka kinywani mwangu.

“Mwalimu, na Kiingereza cha kuwafungulia unakijua?”

Nikafumbata mikono nyuma, kama wale watoto ninaowachapa kwa kutojua jibu.