Mfiwa Hapiki

Alhamisi, 24 Novemba 2016

Zamu yetu ya jiko ni Ijumaa, kwa hiyo vitunguu humenywa Alhamisi. Nimemenya mimi. Zuhura amekaa kitanda cha chini na vitabu vyake vya uhasibu, ananisimamia kama madam. Nikate vyembamba. Hivyo bado vinene. Chumba cha wasichana sita, chote kinanuka vitunguu. Hakuna anayelalamika, maana kesho wote watakula.

Jumapili ana mtihani wa kurudia. Akianguka tena chuo kinamwondoa, na viza inakwenda na chuo. Tumekubaliana: Ijumaa kula, Jumamosi kwa Bi Salma kule Rashidiya, katikati kusoma. Kusoma kwetu huwa hakuonekani.

Jioni nimeshuka kununua mtindi. Simu ikalia. Suleiman, kaka yake Zuhura, kutoka Unguja. Simu ya kawaida. Hapa kwa Waarabu simu za mtandaoni zimefungwa, watu wa nyumbani hututumia sauti tu. Mtu akipiga kwa salio lake, ujue kuna jambo.

Baba yao amefariki leo. Alijinyoosha baada ya chakula cha mchana, hakuamka.

Suleiman kaniomba nisimwambie. Amalize mtihani kwanza. Mzee mwenyewe ndivyo angetaka, alikuwa akimhesabia siku za kupata cheti. Nikasema sawa. Nikasema pole. Kisha nikanunua mtindi, kama mtu mzima mwenye akili zake.

Kwetu Nyahururu maiti hukaa mochari wiki, hata mbili, watu wakikutana jioni na kuchanga. Nimepanga kichwani. Jumapili namwambia, Jumatatu anapanda ndege, anamwahi baba yake. Ni kufunga mdomo wikendi moja tu. Naweza.

Nilipopanda juu alikuwa anamrekodia baba yake sauti, kama kila jioni. Kesho napika pilau, baba, Njeri kanikatia vitunguu kama anapasua kuni. Nikaingia bafuni nikafungua bomba.

Nilipotoka ananionyesha simu. Tiki za bluu. Mzee kasikiliza, anasema, leo hata kulala hajalala mapema.

Simu ya marehemu iko mfukoni mwa Suleiman.

Ijumaa, 25 Novemba

Pilau imetoka nzuri kuliko siku zote. Inaniudhi kuandika hivyo, lakini ni kweli.

Wasswa, rafiki yetu Mganda, amekuja kutoka Al Barsha, kule anakolinda mlango wa maduka. Kaleta matoke na mchuzi wa karanga. Nilimpokea kwenye lifti nikamwambia palepale, kwa sababu singeweza kuibeba peke yangu. Akaangalia viatu vyake.

"Nyabo, dada yangu, mwambie. Mama yangu alikufa, they told me after one week. Mpaka leo mimi nina hasira."

Nikamwambia huu ni uamuzi wa familia, si wetu. Akasema sawa, lakini hakusema kama mtu aliyekubali.

Tumekula baada ya msikiti kutoka. Sinia moja sakafuni, mikono saba. Wafilipino wawili wa vitanda vya juu nao wameshuka. Zuhura kanichokoza mbele ya watu: "Nyie wa bara mnatia nyanya, wali unakuwa mwekundu, mnauita pilau. Huo ni msiba!" Wote wakacheka. Wasswa kainama juu ya sinia. Mimi nilicheka kuliko wote. Sijui sauti ile ilitoka wapi.

Kisha kamwigiza mwalimu wake wa hesabu za gharama, anavyovuta suruali kabla ya kuandika ubaoni. Alicheka mpaka maji yakamtoka puani. Akarekodi kelele zetu zote akamtumia baba yake. Wasswa, msalimie baba. Wasswa akasema shikamoo mzee, akatoka, kaenda kusimama ngazini.

Tiki hazikugeuka mchana kutwa. Jioni ndiyo zikawa bluu. Nimemwandikia Suleiman aache kufungua zile sauti. Hakujibu.

Nina hasira na Suleiman. Nina hasira na mzee pia, kwa kufa Alhamisi. Angengoja.

Zuhura kafungua kitabu, kasoma kurasa mbili, kalala kitabu kikiwa kifuani.

Jumamosi, 26 Novemba

Sitaki kuiandika siku ya leo. Naiandika.

Metro mpaka mwisho wa reli, kisha kwa miguu. Bi Salma ni mama wa makamo, Mzanzibari wa hapa, wazazi wake walikuja zamani wakabaki. Huwaita wanafunzi wa kwao nyumbani Jumamosi, na mimi huhesabiwa humo kwa sababu ya Zuhura. Kwake huwa tunapika pamoja. Zuhura hufika, hutupa mkoba, huingia jikoni kabla ya kumaliza salamu.

Leo kafanya vilevile. Shikamoo, kisu, viazi vya urojo. Bi Salma akamfuata, akamshika mkono, akamtoa kisu vidoleni.

"Hupiki leo, mwanangu. Kaa."

"Kwani nimekosa nini, Bi Salma?"

"Hujakosa. Kaa tu, utaletewa."

Akamketisha sebuleni kwenye mkeka, akamwekea mto mgongoni. Zuhura akacheka kidogo. Kisha akaacha.

Nikaingia jikoni mimi. Bi Salma alikuwa anakatakata kachori huku machozi yanamtiririka bila sauti. Suleiman kampigia na yeye, na yeye kaambiwa anyamaze mpaka Jumapili. Akaniambia kwa kunong'ona kwamba mdomo wake umetii, mikono imekataa. Mfiwa hapiki. Kwao moto wa msiba huwashwa na jirani. Hawezi kumtazama mtoto wa watu akimenya viazi na baba yake yuko kaburini.

Kaburini?

"Keshazikwa jana, baada ya sala ya Ijumaa. Kwani hukujua?"

Najua Waislamu huzika mapema. Kila mtu anajua. Nilijua kama ninavyojua kwamba kuna theluji mahali fulani. Alhamisi jioni, nimeshika mtindi, nilifikiria mochari, michango, wiki nzima. Nilifikiria Nyahururu. Sikuuliza anazikwa lini. Swali moja tu, na halikunijia.

Kulikuwa na ndege ya alfajiri ile ya Ijumaa. Bi Salma anasema wanawake hawaendi makaburini, lakini angeuona uso wake kabla haujafunikwa. Hakusema kwa kunilaumu. Ndiyo maana imeniuma zaidi.

Na sisi wakati ule tulikuwa kwenye sinia. Tunamwigiza mwalimu.

Tumekula urojo, mishikaki, mkate wa kumimina. Bi Salma kamjazia Zuhura bakuli mara tatu. Zuhura kala yote, taratibu. Mlangoni Bi Salma kamkumbatia kupita kiasi. Nilitaka kumvuta nguo.

Kwenye metro alikaa dirishani. Karekodi sauti, fupi, kainamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza sikusikia alichosema. Tiki zikawa bluu hapohapo. Akazitazama vituo vingi.

Nilikuwa na safari nzima ya kumwambia. Kutoka Rashidiya hadi kwetu Karama. Nikazungumzia hali ya hewa, baridi imeanza.

Jumapili, 27 Novemba

Mtihani umefanyika.

Nilimngoja nje ya lango la chuo, kwenye benchi. Alitoka wa mwisho. Akakaa. Nikaanza: Zuhura, kuna jambo. Akaweka mkono juu ya goti langu.

"Baba kafa. Najua tangu jana, Bi Salma aliponitoa kisu."



Akanisikilizisha ile sauti ya kwenye metro. Sauti yake mwenyewe, ndogo: "Kaka Suleiman, najua ni wewe unayefungua. Usinijibu. Nataka Njeri aniambie mwenyewe."

Alingoja kwenye metro. Alingoja nilipokuwa nachemsha chai. Alilala kitanda cha chini akingoja, na mimi juu yake nimefumba macho kama mjinga. Asubuhi akaamka akaenda kuandika mtihani.

Nikamwambia walinikataza. Akasema anajua. Nikamwambia nilidhani bado hajazikwa, nilidhani utamwahi. Hapo ndipo akageuka kunitazama.

"Kwani kazikwa lini?"

Hilo hakulijua. Alikuwa anajipa moyo kwamba wanamngoja yeye, hata kama nafasi ni ndogo. Kafa lini, hakuwa ameambiwa. Alidhani ni Jumamosi. Nikamwambia yote. Ijumaa, baada ya sala.

Akafunga zipu ya mkoba wake. Kisha akauliza yeye alikuwa anafanya nini wakati huo. Alikuwa anajua. Alitaka niseme. Nikasema: ulikuwa unakula pilau. Ulikuwa unacheka.

"Na wewe unaniangalia," akasema.

Hakupaza sauti. Kaninyanyua, tukarudi nyumbani kwa teksi. Njiani alilia uso ukiwa dirishani, na niliposogeza mkono aliuondoa, kwa upole kabisa.

Jumatatu, 28 Novemba

Kaondoka. Bi Salma kashughulikia tiketi. Wasswa kaomba ruhusa kazini, kabeba begi mpaka ndani ya uwanja. Zuhura kamshukuru, kamshika mikono yote miwili. Mimi kaniambia nimalize maziwa yaliyo kwenye friji, yasije yakaharibika.

Asubuhi nilimpikia uji. Sikumwacha asogee jikoni. Hiyo tu ndiyo nimeipata sawa tangu Alhamisi. Kanywa nusu.

Wasswa kanisindikiza kwenye metro. Nilimngoja aseme: si nilikuambia? Hakusema. Ningependa angesema.

Alhamisi, 1 Desemba

Bendera kila roshani, sikukuu yao ya taifa ni kesho. Chuo kimefungwa. Matokeo bado.

Kitanda cha chini kimetandikwa. Hajasema kama atarudi, na mimi sijauliza. Siku hizi najua kuuliza, lakini ningeuliza kwa haki gani.

Kopo lake la viungo liko palepale juu ya friji. Iliki, karafuu, bizari nzima. Wafilipino wameniuliza kama kesho kutakuwa na pilau. Zamu bado ni yetu. Nimesema hapana. Kisha nimemenya vitunguu, sijui kwa nini. Vyembamba.

Nimemrekodia sauti. Nimefuta. Nimerekodi tena. Nimesema pole, Zuhura. Nimesema nilipaswa kukuambia ngazini, na mtindi mkononi, kabla sijafikiri. Nimesema vitunguu safari hii vingekupendeza. Nikatuma.

Nimekaa kitandani kwake kungoja. Tiki mbili za kijivu muda mrefu, magari yanapiga honi za sherehe huko chini. Kisha zikawa bluu.

Hakuna jibu. Zimekuwa bluu tu, na mimi sijui aliyesikiliza ni nani.