Jina la Babu Kwenye Kitako cha Bunduki

Kwako Tata, baba yangu,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta umekaa nje juani, macho hayakusumbui sana, na mguu wa mama umepungua uvimbe. Majani ya chai mnachuma? Nasikia mvua ya mawe ilipita Magwagwa. Kama iligusa shamba la chini niambieni, msinifiche. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa. Naandika kwa Kiswahili kama ulivyotuzoesha, maana ulikuwa ukisema Ekegusii ni cha mdomoni na barua ni ya Kiswahili.

Utauliza, huyu ana simu, barua ya nini? Tata, nimekupigia mara nne. Kila mara unapokea ukicheka, unaanza kunitajia nani na nani watakuja kwenye mazishi ya babu, na mimi nakuaga kabla sijasema nilichokupigia. Karatasi hii nimempa mama mmoja wa Nyacheki anayerudi nyumbani, ameniahidi utaipata mkononi kabla ya Jumapili ile ya mazishi. Mpe dada Kemunto akusomee, yeye peke yake, na usimkatize mpaka amalize. Nakujua.

Bunduki ile si ya babu.

Nimesema. Sasa nivumilie nieleze. Nilipofika huku Minesota nilikuambia nafanya kazi ya mbao. Haikuwa uongo, ila sikusema mbao za nini. Bosi wangu huagiza bunduki za zamani, zile ambazo majeshi ya nchi nyingine yalizichoka yakaziacha maghalani. Zinakuja kwa kontena, zimelazwa kwenye masanduku, zimepakwa grisi nzito hata chuma hukioni. Nazipangusa kwa mafuta ya taa, natengeneza vitako vyake vya mbao vilivyopasuka. Wanunuzi ni wazee wa hapa. Hawaendi nazo vitani wala hawawindi. Wanazitundika ukutani na kuziangalia, basi. Kila mtu na wazimu wake.

Kinachowapendeza zaidi ni bunduki yenye jina. Askari wa zamani walikuwa wakichonga majina yao kwenye kitako, na mnunuzi akiona jina ni kama ameona mtu. Siku moja wakati wa chakula bosi akanikuta nachonga sanamu ya kiboko kwa kipande cha mbao, vile mjomba alivyonifundisha kule Tabaka kwenye mawe laini. Akaniuliza, "Na herufi unaweza?" Nikajisifu, mjinga mimi: "Hata macho yakiwa yamefungwa." Tangu hapo akawa ananiletea majina ya Wazungu waliokufa, au ambao hawakuzaliwa kabisa, nami nachonga. Nikimaliza nasugua kwa chai nyeusi iliyochemka sana na rangi ya viatu, na kufikia jioni jina limezeeka kukuzidi wewe. Nilijua ni wizi. Nilikula nikanyamaza.

Wakati wa baridi kali akaleta bunduki ya Kiingereza. Kuna mteja, akasema, anatafuta iliyobebwa na Mwafrika. "Andika jina lolote la kwenu," akaniambia, akaenda zake. Tata, kweli ningeandika lolote. Ningeandika jina la yule fahali wetu mkorofi, nani angejua? Nikaandika MOGAKA NYANG'AU, MAGWAGWA. Babu alichukuliwa kwenda vita vya Mwingereza na Mjapani huko Bama wewe ukiwa bado tumboni. Hakurudi, na hata karatasi ya kusema amekufa haikurudi. Jina lake haliko kwenye jiwe lolote, haliko kwenye kitabu cha kanisa. Nikatamani liwe mahali. Nililichonga vizuri kuliko yote niliyowahi kuchonga, na nilipomaliza nikalia. Halafu nikalipaka rangi ya viatu, likauzwa.

Yaliyofuata unayajua. Aliyeinunua akaweka picha mtandaoni akitafuta jamaa za mwenye jina. Ombati wa shangazi akaiona kwenye simu pale dukani kwake Kebirigo, akaja kwako mbio. Ukanipigia. Mzee wa miaka themanini na zaidi, unalia kama mtoto: "Nyakundi, hata mimi sasa nina baba."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nikajiambia acha afurahi siku mbili. Siku mbili zikawa wiki tatu, na wewe ukaita ukoo, ukaongea na mchungaji, mkapima kaburi kando ya lile la nyanya, pale mlipomwachia babu nafasi. Njia ya mwongo ni fupi, ulituambia tukiwa wadogo. Mimi nilidhani ni maneno ya kutisha watoto.

Yule mnunuzi si mtu mbaya. Ni mwalimu aliyestaafu, mke wake alikufa, anaishi peke yake na ukuta wake wa bunduki. Ombati alipomwandikia kwamba unataka hata kipande cha mbao cha kuzika, alikifungua kitako kutoka kwenye bunduki kwa mikono yake mwenyewe, akaja dukani kwa bosi kuuliza kama kuna mtu wa kwetu wa kukifikisha. Bosi akanielekezea kidole huku anacheka. Nikaenda kwa mzee. Alikuwa amekifunga kitako kwa kitambaa cheupe cha meza.

"Mwambie mzee wa huko kwenu pole," akasema. "Amengoja sana."

Yaye! Nikashindwa. Nikamwambia, "Mzee, jina hilo nimelichonga mimi."

Akaniangalia usoni, akaangalia mikono yangu. "Lakini huyo mtu alikuwepo?"

"Alikuwepo. Ni babu yangu."

"Na ni kweli alipotelea vitani?"

"Kweli."

Akakisukuma kitako upande wangu. Halafu akasema, "Ondoka nacho. Sitaki kukiona tena." Kesho yake akaenda kumlalamikia bosi, na kazi yangu ikaisha siku hiyo hiyo kwa kuwa nimetoa siri. Kitako kiko hapa chini ya kitanda changu. Sikileti.

Usidhani sikufikiria kukileta. Nilifikiria sana. Ungezika, ungelia, ungelala vizuri mpaka siku yako, na mimi ningekaa na dhambi yangu huku mbali ambako hakuna anayenijua. Lakini mtu akishazikwa hatafutwi tena. Mbao yangu ikiingia kaburini, babu ndiyo basi. Ombati ataacha kuuliza, na watoto wetu wataonyeshwa pale na kuambiwa yuko hapa. Naye hayuko. Amelala huko alikolala, na mimi nitakuwa nimewafungia njia wote watakaomtafuta. Hilo nimelishindwa, Tata. Nilikupa baba kwa wiki tatu na sasa nakunyang'anya. Najua ni afadhali nisingekupa kabisa.

Mama mwambie nimemkumbuka, na asilie mbele za watu. Dada Kemunto, pole kwa kukubebesha mzigo huu. Ukimaliza kumsomea, kaa naye, usimwache peke yake. Shangazi nisalimieni, na Ombati asilaumiwe, yeye aliona jina la babu yake akafurahi kama mtu yeyote. Mchungaji aambiwe ukweli wote na wewe mwenyewe au na mimi kwa simu, utakavyoamua. Siku hiyo ya Jumapili nitakuwa macho nikingoja. Ukitaka kunitukana nipigie, nitasikiliza mpaka uchoke.

Kama bado hamjachimba, msichimbe. Kama mmechimba, unajua kuliko mimi kwamba kaburi halifukiwi tupu. Lazeni mgomba humo, kama wazee walivyowafanyia waliopotea, na wewe Tata umwite babu kwa jina lake, kwa sauti, mara moja. Hujawahi kumwita.

Ni mimi mwanao,
Nyakundi, niliyelichonga.