Mama Anataka Kupima Ndege Isiyoenda Popote

Mama Nuru wa redio yetu, weka kikombe cha chai chini kwanza, naomba musaada, na ukinicheka unicheke taratibu, juu mimi ni mutu mwenye jina katika Mangobo, hapa Kisangani.

Wananiita Tonton Altitude, Mujomba wa Kule Juu. Si jina la ubatizo, watu wenyewe walinipa, juu katika avenue yetu ni mimi niliyepanda ndege, na mutu akitaka kujua Kinshasa iko namna gani, ao mawingu yakiwa chini ya miguu yanafanana na nini, anakuja kwangu, ninamukalisha, ninamupa kinywaji na ninamusafirisha bila tiketi. Shule niliacha mapema, mimi na mwalimu hatukukubaliana juu ya hesabu, lakini dunia naijua, Mama Nuru, mimi na dunia tunaitana kwa jina.

Bon. Unajua ile parki ya michezo wanayojenga kule Makiso, na unajua wameleta mashini moja kama chumba cheupe juu ya miguu ya chuma, unaingia, wanakufunga mukaba, mbele iko ekran kubwa, chumba kinatikisika na wewe unaona kama unaruka juu ya milima, halafu mulango unafunguka na uko tu pale pale Makiso. Haijaanza kazi bado lakini muji muzima umeshatoa hukumu. Vijana wa toleka wanasema wao na baiskeli zao wanakutikisa kila siku kwenye mashimo ya Mangobo, na tena wanakufikisha. Pasteur wetu amehubiri kwamba kupanda juu bila kwenda mahali ni kiburi cha Babeli, na wanafunzi wanamujibu kwamba siku ya ufunguzi yeye ndiye atakuwa mbele ya foleni. Jirani yangu papa Asumani, muuza samaki, anauliza kitu kimoja tu: mutu akitapika mule ndani, nani anapangusa? Wameipa jina, Ndege-isiyoenda. Na wote wanakuja kuniuliza mimi, na mimi ninawajibu kwamba ile ni mchezo ya watoto wachanga, ndege ya kweli inatikisa mutu mpaka anasahau jina la mama yake.

Donc, mama yangu akasikia.

Hapo ndipo shida iko. Dada yangu Rosine iko na binti, Naomie, akili yake ni taa, amepata nafasi kwenye shule ya wauguzi Kinshasa, shule inafunguliwa karibuni, na tiketi ya ndege wajomba tumeshaipata. Lakini sisi ni watu wa mto, wa Yanonge, kwetu mutoto haendi mbali kama mukubwa wa familia hajamuwekea mukono kichwani, na mukubwa ni mama yangu, bibi yake, koko Augustine, na koko amekataa. Anasema Naomie atashuka mto na bato kama watu. Na bato ya Kinshasa unaijua, ikikaa juu ya muchanga inakaa, mutoto atafika wenzake wameshaanza kuchoma watu sindano.

Tukafanya kikao cha familia. Wote wakanigeukia mimi, Altitude, nimutulize koko. Na mimi, badala ya kumutuliza, nikamupa ile hadithi yangu, juu nilikuwa nimesimama, na mimi nikisimama hadithi inatoka yenyewe: juu ya Mbandaka motere ilikohoa, ndege ikaanguka kama embe, piloti akatoka na jasho, akauliza kama iko mwanaume ndani, nikafungua mukaba. Kila mwaka ile ndege inaanguka chini zaidi kidogo, Noeli iliyopita tulishagusa majani ya miti. Koko akauliza kama ndege inasimama Yanonge. Tulicheka mpaka papa Asumani akamwaga bia yake, ninakuandikia hii uone mama iko mbali kiasi gani na mambo ya ndege. Hata yeye alicheka kidogo, akafunga kitambaa chake upya, akakata shauri: siku ya ufunguzi atapanda Ndege-isiyoenda yeye mwenyewe. "Tumbo yangu haidanganywi," alisema. Roho yake ikitulia mule ndani, Naomie ataruka. Ikikataa, ni bato. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, mujinga mimi.

Kesho yake nikabeba jogoo, nikaenda Makiso kumuona Josué, fundi anayeunganisha ile mashini, nikamuomba mama yangu akipanda aitembeze polepole, kama mutu anabeba mayai. Josué akacheka mpaka akaketi juu ya sanduku ya vyuma. Akasema mashini inajua safari moja tu, tufani juu ya milima na bawa moja linawaka moto, juu watu watakuja ili wapige kelele, nani atapanga foleni kwa ajili ya kutulia? Jogoo alibaki naye.

Sasa nitakuambia kitu, wewe peke yako na wasikilizaji wako. Nilipanda ndege mara moja, kwenda, na kurudi nilirudi na bato. Na ile ndege haikutikisika. Nilikaa, nikalala, nikaamka mutu ananipa biskuti. Pembeni yangu mutoto alikuwa anapaka rangi ngombe kwenye karatasi na hakutoka nje ya mustari hata mara moja. Kwetu mutu akirudi safari wanamupa kiti kizuri, wanaketi mbele yake, wanangoja. Ungewaambia nini, Mama Nuru? Biskuti?

Nikisema ukweli, jina langu limekufa. Nikinyamaza, koko atapanda tufani na Naomie atakosa shule. Na Naomie mwenyewe amekuja kwangu, hakulia, alisema tu, "Tonton, ni hadithi zako zilinifanya nitake kwenda mbali. Sasa sema kitu." Alipotoka, nikatafuta karatasi hii.

Nifanye nini?

Ni mimi, Tonton Altitude, Mangobo. (Jina usisome.)

*

Tonton Altitude,

Jina nimelisoma. Mangobo nzima ingekutambua kwa jogoo peke yake.

Nimecheka, sikufichi, na sasa nimemaliza. Wewe ni mwongo wa aina ninayoipenda, yule anayemimina kinywaji kwanza. Lakini uongo wa kuchangamsha wageni ni kitu kimoja, na uongo mbele ya kikao kinachoamua njia ya mtoto ni kitu kingine. Pale ulipaswa kukaa chini. Ulisimama, papa, na ndege ikaanguka juu ya Naomie.

Na nyinyi wote mliopiga makofi, hamna haya? Ile mashini imetengenezwa ili itishe watu. Kuipima ndege kwa mashini ile ni kama kupima mboga ya pondu ya mtu kwa kumlambisha pilipili tupu. Hiyo mama yako ataielewa ukimwambia mara moja, kwa sababu shida yake haiko huko.

Soma tena barua yako. Koko Augustine aliuliza swali moja tu, nanyi mkamwaga bia. Mimi ni mtu wa Kasongo, si wa mto, lakini nimeshuka mto ule na nimeona kwa macho. Bato inapotoka Kisangani na mtoto wa familia ndani, Yanonge shangazi zake wanaijia na mitumbwi, wanapandisha kwanga ya muhogo na samaki wa moshi. Yangambi iko binamu. Isangi wanangoja ukoo mzima, na mbuzi. Mtoto anapoacha nchi ya kwao, kila mkono umeshapita juu ya kichwa chake. Ndege yako inawaruka wote hao wakati wewe unatafuna biskuti, na juu ya hayo mizigo ya mtoto inapimwa kwenye mizani, samaki wa shangazi hawana nafasi. Mama yako hakuuliza habari za mabawa. Aliuliza nani atamuaga mjukuu wake.

Basi usinilie hapa. Tafuta baleinière, ile bato ndogo ya mbao yenye mota, wiki hii, kabla parki haijafunguliwa. Mpakie mama yako, mpakie Naomie, na upande wewe. Mshuke mpaka Isangi, msimame kila bandari, hata kama ni kwa ajili ya shangazi mmoja kiziwi. Aagwe mtoto mpaka achoke. Kisha mrudi, koko amwekee mkono wake wa mwisho, na Naomie aende uwanja wa ndege, aanze shule pamoja na wauguzi wenzake.

Na kwenye maji, katikati, pale ambapo huwezi kukimbia, umwambie mama yako habari ya biskuti. Na ya ngombe pia, na mstari. Kisha uirudie mbele ya kikao, papa Asumani akiwepo na bia yake. Watakuita Tonton Biskuti. Utaitika. Utashangaa vilevile, maana katika hadithi zako zote, ni hiyo peke yake itakayompa mwanamke mzee usingizi siku mjukuu wake yuko hewani.

Jogoo muachie Josué, hiyo ni faini yako.

Mashini ya Makiso msiiache, futeni mtihani tu. Naomie akipiga simu kwamba amefika, mvalishe mama yako kitambaa kizuri, mpande Ndege-isiyoenda kama watu wanaokwenda sikukuu. Ukae karibu naye. Bawa likiwaka moto, mpe mkono wako, na tusidanganyane ni nani atakuwa anamshika mwenzake. Mlango ukifunguka na koko akauliza mmefika wapi, usisimame, usianze. Sema tu, "Makiso, mama."