Ijumaa kwenye Makumbusho ya Lulu

Jumatano, 3 Februari 2016

Kosa la watu wengi wanaompeleka mtoto makumbusho ni kutaka kuona kila kitu. Wanamburura chumba kwa chumba, mtoto anachoka, analia, nao wanasema makumbusho hayafai watoto. Chumba kimoja kinatosha. Kitu kimoja kinatosha, kikielezwa vizuri. Nilifundisha historia Korogwe miaka thelathini na mmoja. Najua.

Leo, kama kila Jumatano, nimepanga Ijumaa yetu. Tangu nije Dubai kwa binti yangu Zuhura tumekwenda ngome ya zamani, nyumba ya kahawa, bustani ya maua mara mbili, na jumba la samaki. Pale kelele ni nyingi, ila papa walimnyamazisha Aisha, mjukuu wangu, jambo ambalo mimi sijaliweza. Ijumaa hii ni makumbusho madogo ya lulu. Nimesoma kurasa nne kuhusu wapiga mbizi na kuandika vidokezo.

Zuhura atakuwa kazini, hotelini Garhoud. Mumewe yuko Abu Dhabi hadi mwisho wa mwezi. Tutakwenda watatu: mimi, Aisha, na Nakato, msichana wa kazi.

Nakato ni Mganda, ana mwezi wa tano hapa. Asubuhi, Zuhura akishaondoka, huja na chai na kunisalimia akiwa amepiga magoti. Ananiita Jaja, yaani bibi. Leo Aisha aliuliza kama Nakato ameanguka. Nikamweleza: kwao Buganda mwanamke humpigia magoti mzee anapomsalimia au kuzungumza naye. Ni heshima tu. Aisha alisikiliza hadi mwisho. Ana miaka sita. Nilifurahi.

Alhamisi, 4 Februari

Nguo zimepigwa pasi. Sambusa ziko tayari. Nakato amefunga kikapu. Zuhura amesisitiza tena: Aisha asiachwe mkono hata dakika moja. Nikamwambia nimewahi kuwapeleka watoto arobaini Amboni, mapangoni, nikarudi na arobaini.

Ijumaa, 5 Februari

Naandika baada ya magharibi.

Tulifika saa nane na nusu. Mlangoni wakasema chakula hakiingii. Nikamwambia Nakato akae nje kwenye benchi na kikapu. Aliuliza, "Na mutoto, Jaja?" Nikasema mtoto yuko na mimi. Maneno yangu hayo hayo. Nayaandika ili nisije nikayabadilisha.

Ndani kuna sanamu ya mpiga mbizi, kibanio puani, jiwe limefungwa mguuni. Juu yake mtu ameshika kamba. Nikaanza kumweleza Aisha. Nyuma yetu walikuwa vijana watatu wa Kenya, walinzi wa mtaa wa Al Quoz, siku yao ya mapumziko. Wakasogea. Mmoja akasema, "Mathee, rudia hapo kwa jiwe, huyu mjinga hakuskia." Nikarudia. Wakauliza mengine. Walidhani mimi ni mwongozaji wa pale, nami sikuwasahihisha. Nilipandisha sauti. Nikatumia mikono. Yule mrefu akasema, "Ungekuwa ticha wangu, mwalimu, saa hii singekuwa nalinda geti." Tukacheka. Nilikuwa nimesimama darasani tena, na ilikuwa tamu.

Nilikuwa nawaeleza kazi ya mshika kamba, kwamba yeye hana ruhusa ya kuangalia pengine, nilipotaka kumwonyesha Aisha fundo la kamba. Aisha hakuwapo.

Nilimwachia mkono lini? Sijui. Ndiyo aibu yangu ya kwanza, kwamba sijui.

Tulitafuta vyumba vyote, vijana nao wakitafuta. Nikatoka nje kumuuliza Nakato. Aliacha kikapu palepale akakimbia. Ndiye aliyempata, nyuma ya maegesho, hatua chache kutoka barabara kubwa. Dereva wa teksi alikuwa amemshika bega na ameshampigia Zuhura. Ijumaa Zuhura humwandikia Aisha namba ya simu mkononi kwa kalamu.

Zuhura alifika akiwa na sare ya hoteli. Alimkuta Aisha mikononi mwa Nakato, mimi nimeketi ukingoni mwa njia. Akamgeukia Nakato.

"Ulikuwa wapi wewe?"

Nakato akanitazama. Alikuwa ananingoja niseme.

Nikasema, "Nilidhani yuko na Nakato."

Mtoto alikuwa hai, mzima, na bado nilidanganya.

Nakato hakubisha. Alimweka Aisha chini, akapiga magoti mbele yangu kwenye lami, akasema, "Nisamehe, Jaja." Kwao mtu hasimami wima kumjibu mzee aliyekasirika au aliyefadhaika, hata kama kosa si lake. Nilijua hivyo. Nilikuwa nimelifundisha juzi. Zuhura hajui, salamu zangu za asubuhi hazikuti. Aliona mtu anakiri.

"Umeona?" akasema. "Anakiri mwenyewe. Barabarani, Nakato! Ungeniulia mtoto!"

Nami, mwenye maelezo ya kila kitu, nikaenda kuchukua kikapu.

Jumamosi, 6 Februari

Zuhura amepiga simu ofisi iliyomleta Nakato. Jumatatu watakuja kumchukua. Bado yuko kwenye miezi sita ya majaribio, kwa hiyo mwajiri akimrudisha hakuna maswali mengi. Lakini sababu huandikwa kwenye faili. Faili ikisema uzembe kwa mtoto, hapati nyumba nyingine. Anarudishwa Uganda.

Nilitaka kusema wakati wa chakula cha mchana. Zuhura alikuwa analia. Nikajiambia atulie kwanza.

Alasiri Aisha alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bibi alikuwa anawafundisha wale makaka." Mama yake alikuwa jikoni. Nikamwambia Aisha ale, watoto hawaongei na chakula mdomoni.

Hakuwa na chakula mdomoni.

Jumapili, 7 Februari

Aisha shule. Zuhura kazini. Nyumba nzima mimi na Nakato.

Anapiga pasi. Kanga zangu pia amezipiga, amezikunja kwa jozi. Sikumwomba.

Alikuja na chai, akapiga magoti kama kawaida. Nilimwambia aache, asimame. Alisema:

"Jaja, mimi kufukuzwa si shida sana. Madam ni mama, ameogopa. Ila hapo ofisi wasiandike nilitupa mutoto. Hiyo wakiandika, mimi nimekwisha."

Hakusema, "Unajua ulivyoniambia mlangoni." Angeweza kusema. Alinisubiri tena, kama Ijumaa. Nikasema, "Inshallah mambo yatakuwa sawa." Ni mtu gani hutumia jina la Mungu hivyo?

Nimesali adhuhuri nikaomba msamaha. Haikuwa na maana. Niliyemkosea yuko chumba cha pili anapiga pasi.

Jioni nitamwambia Zuhura.

Sasa ni usiku. Sikumwambia. Alirudi amechoka, miguu imevimba. Nilimwekea maji ya chumvi, tukaongea habari za Korogwe.

Jumatatu, 8 Februari

Dereva wa ofisi alikuja saa mbili asubuhi. Nilidhani atakuja saa nne. Nilimsikia mlangoni akimhimiza, "Yalla, yalla, gari imeegeshwa vibaya chini." Nilikuwa chumbani na tasbihi. Ningeweza kutoka. Nakato alibisha hodi kuniaga. Sikufungua. Nilivuta uradi kwa sauti ili asikie kwamba niko kwenye ibada.

Nina miaka sitini na nane.

Saa tisa Zuhura alirudi. Nilimwambia akae. Nilianza na vijana wa Al Quoz, na jiwe, na kamba. Akasema, "Mama, sema." Nikasema. Nakato alikuwa nje kwa amri yangu. Mtoto alikuwa mkononi mwangu. Magoti ni adabu ya kwao, hakukiri kitu.

Akauliza, "Na wewe ulijua alipokuwa chini pale?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nimwite muuaji."

Hakupandisha sauti. Ni mimi niliyemfundisha kutowapandishia wazee sauti.

Jumanne, 9 Februari

Tulikwenda ofisini, Muraqqabat, juu ya duka la simu. Zuhura aliomba ruhusa kazini. Nakato alikuwa kwenye safu ya viti pamoja na wasichana wengine wanne, sanduku kati ya miguu. Alipotuona aliinuka, akaanza kupiga magoti. Nilimshika viwiko. Nikasema mbele ya karani na mbele ya wale wasichana, kwa Kiswahili na kisha kwa Kiingereza, kwamba kosa lilikuwa langu na kwamba nilidanganya. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Karani akasema, "Louder, mama." Nikarudia kwa sauti kubwa.

Zuhura alimwomba msamaha na kumwomba arudi. Nakato alitazama sanduku lake.

"Nyumba yenu ni nzuri, madam. Aisha nampenda. Lakini siwezi tena kulala hapo. Nitafutiwe ingine."

Nilingoja aniseme mimi. Hakunisema. Aliuliza tu kama Aisha alikwenda shule na sweta.

Karani akasema maneno hayatoshi: khalas, imekwisha, faili imeshaandikwa. Inatakiwa barua ya aliyekuwa na mtoto, yenye sahihi, mwisho kesho. Isipofika, Nakato anakatiwa tiketi. Kuna familia ya Kiarabu inatafuta mtu, tayari wameulizia faili yake.

Nilirudi nikaandika mara moja. Kurasa mbili. Nilieleza makumbusho, umri wangu, desturi za Waganda, jinsi mzee anavyopotewa na fikra. Zuhura alisoma, akainuka, akanirudishia.

"Mama, hili ni somo. Si barua. Na humu ndani wewe huna kosa."

Nilisoma tena. Ni kweli. Kila sentensi ilikuwa na sababu yake.

Jumatano, 10 Februari

Aisha ameondoka na basi la shule. Zuhura anaoga. Anaingia kazini mchana na atapitia ofisini kwanza. Chai nimepika mwenyewe, imezidi majani.

Leo ningekuwa napanga Ijumaa. Sipangi. Aisha ameuliza kama tutarudi kwa papa. Nimemwambia amuulize mama yake, na kwamba akienda amshike mama mkono. Akasema, "Wewe je?" Nikamfunga vifungo vya sweta.

Kurasa mbili za jana nimezichana. Karatasi safi iko mezani. Najiambia: usieleze chochote. Andika sasa hivi kwamba mtoto alikuwa mkononi mwako, kwamba Nakato alikaa nje kwa amri yako, kwamba ulisema uongo. Tia sahihi, umpe Zuhura kabla hajatoka.